Meneja na Kazi Halisi: Namna ya Kujua Watu Wako Wanashindaje Kazini

Tazama habari moja inavyopanda ngazi katika ghala la kawaida, kama yale yaliyojipanga kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kuli anamwambia kiongozi wa zamu kwamba trolei mbili kati ya tatu zimekufa magurudumu, kwa hiyo katoni zinabebwa mabegani. Kiongozi wa zamu anamwambia mtunza ghala kwamba vifaa vinasumbua. Mtunza ghala anaandika kwenye ripoti ya wiki: "Upakiaji unaendelea vizuri. Changamoto ndogondogo za vifaa zinashughulikiwa." Meneja anasoma, anaridhika, anaipeleka juu. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amepunguza makali kidogo tu, kwa heshima au kwa hofu, na mwisho wake watu wanaumia migongo huku karatasi ikisema mambo ni shwari.

Hili si tatizo la maghala tu, wala si la nchi zetu tu. Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu saba wote waliokuwamo wakafariki. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walipinga urushaji kwa sababu ya baridi. Wakubwa wao wakawazidi kauli. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa katika tume ya uchunguzi, aliuliza watu wa ngazi mbalimbali kuhusu uwezekano wa chombo kupotea. Wakubwa walikadiria mara 1 katika safari 100,000. Wahandisi walikuwa wanazungumzia karibu mara 1 katika 100. Shirika moja, chombo kilekile, na pengo la mara elfu moja kati ya anayeigusa kazi na anayesoma ripoti yake.

Mwongozo huu ni wa meneja wa tawi, mkuu wa idara, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mwenye kampuni ambaye sasa ana watu thelathini na zamani alikuwa na watatu. Nitatumia ghala na magari ya mizigo kama mfano mkuu, kwa kuwa huko mambo yanaonekana kwa macho. Mwenye ofisi ya makarani atabadilisha majina ya vitu. Mwendo ni uleule.

Hatua ya 1: Andika unachoamini kabla hujaenda kuona

Chukua karatasi moja ujibu maswali kama haya bila kumuuliza mtu. Lori likifika getini saa mbili asubuhi, linatoka saa ngapi? Mtandao ukikatika, karani anafanya nini? Ni kazi gani inafanywa mara mbili, kwenye daftari kisha kwenye kompyuta? Mtu wa zamu ya usiku anafikaje nyumbani? Ni kifaa gani kinachogombaniwa? Watu hula wapi, na kwa dakika ngapi?

Weka tarehe, ifungie karatasi hiyo kwenye droo. Umuhimu wake utauona baadaye. Mtu akishaona jambo hujiaminisha haraka kwamba alikuwa analijua siku zote, na hapo hawezi tena kupima umbali aliokuwa nao. Karatasi haitakubali hilo. Ukikuta umeandika "dakika 40" na lori limekaa saa tatu, umepata kazi ya kufanya, tena yenye kipimo.

Hatua ya 2: Fuata kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Kosa la kawaida la ziara za wakubwa ni kuzunguka. Unapita idara tano kwa saa moja, unasalimia kila mtu, unatoka na picha ya jumla ambayo ripoti ilikuwa tayari imekupa. Badala yake chagua kitu kimoja ukifuate. Oda moja ya duka la Mbagala: imepokelewa saa ngapi, nani kaiandika, imekaa wapi ikisubiri sahihi, nani kaenda kuitafuta bidhaa na akaikuta rafu gani, nani kahesabu, nani kahesabu tena, gari limeondoka saa ngapi na hati zipi. Kwenye kituo cha afya mfuate mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa. Kwenye ofisi fuata jalada moja.

Utagundua kwamba muda mwingi hauliwi na kazi yenyewe. Unaliwa na kusubiri: kusubiri funguo ambazo mtu mmoja anazo, kusubiri sahihi ya mtu aliye kikaoni, kusubiri gari jingine litoke ili hili liingie. Kusubiri hakuandikwi popote, ndiyo maana hakuna ripoti inayokuonyesha.

Taiichi Ohno, mmoja wa waasisi wa mfumo wa uzalishaji wa Toyota, anasimuliwa kuwa alikuwa akichora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda, anamwambia mhandisi asimame humo atazame, kisha anarudi baada ya saa kadhaa kumuuliza ameona nini. Huhitaji chaki. Unahitaji kukubali kusimama mahali pamoja kwa saa nzima bila simu mkononi. Dakika kumi na tano za mwanzo utaona watu wakijirekebisha kwa sababu upo. Baada ya hapo kazi huwazidi, wanarudi kuifanya wanavyoifanya siku zote. Anayeondoka dakika ya kumi ameona maigizo tu, naye ndiye aliyeyasababisha.

Chagua saa ngumu. Saa nne asubuhi, watu wameshakunywa chai na foleni imetulia, kila mahali huonekana pazuri. Nenda alfajiri zamu zinapopokezana. Nenda mwisho wa mwezi, Jumamosi mchana, siku ya mvua kubwa, usiku.

Toa taarifa, usishtukize

Hapa najua wengi hawatakubaliana nami, kwa sababu ziara ya kushtukiza ina sifa kubwa kwetu. Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha na kukuta baadhi ya watumishi hawapo kwenye viti vyao. Watu walifurahi, na kwa lengo la kujua nani yupo kazini nani hayupo, njia hiyo ilifanya kazi yake. Lakini kuhakiki mahudhurio na kuielewa kazi ni mambo mawili tofauti. Ukimshtukiza mtu, swali la kwanza kichwani mwake ni namna ya kujikinga, na mtu anayejikinga hakufundishi kitu.

Mwambie msimamizi mapema: "Jumanne nitakuja asubuhi na mapema, nataka kufuata oda moja nijifunze inavyokwenda. Sikagui mtu. Msifagie kwa ajili yangu, wala msiahirishe kitu." Nenda peke yako. Msafara wa maofisa watatu wenye makabrasha hugeuza ziara yoyote kuwa ukaguzi. Vaa kama kazi inavyotaka: buti na fulana ya kuakisi mwanga ghalani, si suti.

Itachukua ziara tatu au nne kabla hawajaamini. Chokaa itapakwa safari ya kwanza, na pengine ya pili. Endelea kwenda.

Hatua ya 3: Uliza kwa namna inayojibika

"Kuna changamoto yoyote?" Jibu unalijua: "Hakuna, bosi, tunaendelea vizuri." Swali hilo linamtaka mtu achague, mbele ya wenzake, kati ya kukulalamikia na kunyamaza. Kwa malezi yetu ya kutomvunjia mkubwa heshima, atanyamaza.

Maswali yanayofungua mdomo ni yale yanayohusu kazi, jana, na mikono:

"Nionyeshe unavyofanya hapa."
"Jana ni kitu gani kilikuchelewesha?"
"Hiki kikiharibika, huwa mnafanyaje?"
"Akija mgeni kesho kuanza kazi hii, utamwambia ajihadhari na nini?"
"Ni agizo gani letu la ofisini ambalo hapa halitekelezeki?"

Swali la tatu ni hazina. Watu hawapendi kulalamika, lakini hupenda kuonyesha ujuzi wao, na ujanja wanaoutumia kuziba mapengo ni ujuzi. Atakuonyesha kamba aliyofungia mlango, daftari la siri ambalo ndilo lenye hesabu sahihi, nywila moja inayotumiwa na watu sita kwa sababu maombi ya nyingine hayakujibiwa. Kila ujanja wa namna hiyo ni mahali ambapo utaratibu wako umeshindwa na mtu akauokoa. Ukiukemea, umefunga mlango. Mwambie asante, umuulize ujanja huo ulianza lini.

Adabu nayo ina uzito. Ukiwa meneja wa miaka 32 na mbele yako kuna mpakiaji wa miaka 58, shikamoo inatoka kwako. Cheo hakifuti umri, na atakayekusikia ukimwamkia mzee huyo ataongea nawe tofauti. Muite mtu kwa namna anavyoitwa pale: Mzee fulani, Mama fulani, dada, kaka. Ukiuliza, nyamaza mpaka ajibu. Kimya cha sekunde kumi kinatisha, lakini jibu la kweli mara nyingi liko upande wake wa pili. Kama unaandika, sema unaandika nini na umuonyeshe. Daftari la bosi limewahi kufukuzisha watu kazi, na wanakumbuka.

Usiulize "nani". Nani alisema, nani alichelewa, nani alivunja. Swali hilo moja linafuta mengine yote uliyouliza vizuri.

Hatua ya 4: Ifanye kazi yenyewe

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara moja kwa robo mwaka chukua zamu nzima chini ya mtu anayeijua kazi hiyo, naye awe mkuu wako kwa siku hiyo. Pakia, hesabu, pokea simu za wateja wenye hasira, jaza fomu mliyoitunga nyinyi ofisini. Fomu hasa. Hakuna kinachomfundisha meneja haraka kama kujaza yeye mwenyewe fomu ya kurasa nne kwenye meza isiyo na mwanga wa kutosha, na watu wamepanga foleni mbele yake.

Usibebe mpiga picha. Usifanye sehemu nyepesi tu. Na usidai baadaye kwamba unajua maisha yao: siku moja haikuonyeshi uchovu wa mwezi wa sita mfululizo, wala hesabu ya nauli ya mabasi mawili kwenda na kurudi. Ili ujue hayo, kula wanapokula. Kaa kwa mama lishe nje ya geti saa saba mchana, agiza wali maharage, sikiliza zaidi ya unavyoongea. Utajua bei ya chakula imefika wapi ukilinganisha na posho uliyoidhinisha miaka mitatu iliyopita.

Angalia pia saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na muda wa ziada unalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Daftari la mahudhurio linaweza kusema watu walitoka saa kumi na moja jioni. Aliyekaa nao atajua kwamba walisaini saa kumi na moja kisha wakabaki kupanga mzigo mpaka saa mbili usiku. Hilo si jambo la kuandika tu kwenye daftari lako. Ni deni.

Hatua ya 5: Usimvue nguo msimamizi

Anayeogopa zaidi ujio wako si kuli, ni msimamizi. Anahisi unampita kichwani, na akihisi hivyo kila ziara itamfanya abane zaidi. Ukishamgeuza adui, umepoteza siku 29 za mwezi ili upate siku moja.

Kanuni ninayoishikilia ni hii. Ukisikia jambo la kitu, yaani kifaa, fomu, ratiba au njia, mwambie msimamizi siku ileile kabla hujamwambia mtu mwingine, na umuachie nafasi ya kulitatua yeye. Ukisikia jambo la mtu, usilibebe kama umbea wala usilihukumu pale pale. Na usitoe amri ukiwa ghalani. Ukisema "hili lihamisheni kule" mbele ya timu, umemnyang'anya kazi yake, na kesho watasubiri wewe uje.

Yapo yasiyongoja ustaarabu huo. Hatari ya ajali, wizi, unyanyasaji, na kudaiwa ngono ili mtu apate zamu nzuri au mkataba, jambo ambalo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hayo yanakwenda siku hiyohiyo kwenye njia rasmi, na anayekueleza analindwa jina lake.

Hatua ya 6: Rudisha jibu

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayoachwa. Meneja anakuja, anasikiliza vizuri, anaondoka, kimya. Miezi miwili baadaye anarudi na maswali yaleyale. Wafanyakazi hawakasiriki, wanahitimisha tu kwamba kuongea hakuna faida, na safari ya tatu wanarudi kwenye "hakuna, bosi". Kwa maoni yangu, afadhali usiende kabisa kuliko kwenda na usirudishe jibu, kwa sababu asiyeulizwa bado ana matumaini.

Majibu ni ya aina tatu tu. La kwanza: limefanyika. La pili: litafanyika, tarehe hii, mhusika huyu. La tatu: halitafanyika, na sababu ni hii. Watu wazima wanapokea "hapana" yenye sababu. Wanachoshindwa kuvumilia ni "tunalifanyia kazi" ya mwaka mzima.

Bandika karatasi kubwa ukutani, pale pale kazini, yenye safu nne: jambo, tarehe lilipoibuliwa, jibu, tarehe lilipokamilika. Usiandike majina ya waliosema. Na katika kila ziara chagua kikwazo kimoja kidogo kiishe ndani ya wiki: magurudumu ya trolei, taa ya choo, funguo ya pili ya stoo. Wengine hudharau mambo hayo kwamba si ya ngazi yao. Lakini kwa anayebeba katoni, gurudumu ndilo jambo kubwa, na kwa gurudumu hilo atapima kama akuambie jambo zito zaidi linalofuata.

Ukiona orodha imejaa vitu vya shilingi elfu ishirini, ishirini na tano, tatizo si vitu hivyo. Ni kwamba msimamizi hana ruhusa ya kununua hata balbu. Mpe fungu dogo la kila mwezi, awe na mamlaka nalo, alete risiti. Toyota walikwenda mbali zaidi: mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa uzalishaji anaweza kuvuta kamba akiona kasoro, kiongozi wake anafika hapo hapo, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari unasimama. Kamba hiyo ina thamani kwa sababu kila ikivutwa kuna mtu anakuja.

Hatua ya 7: Walio mbali

Madereva, maafisa mikopo, wauzaji wa mikoani, na wale wanaofanyia kazi nyumbani. Kwao hakuna ghala la kusimama, na kundi la WhatsApp si mbadala. Kundi ambalo bosi yumo ni mahali pa "sawa bosi" na "imepokelewa". Mazungumzo halisi yanaendelea kwenye kundi jingine ambalo haumo, na hustahili kuwamo.

Panda gari. Kama magari yako yanakwenda Tunduma, si lazima ufike mpakani. Hata ukiishia Morogoro umeshapita mizani ya Vigwaza na ya Mikese, umeona foleni, umeona utingo anavyolala, umejua kwa nini "amechelewa kwa saa nne" ilikuwa si uzembe. Kwa afisa mikopo, fuatana naye siku moja kwenye vikundi vyake, ukae nyuma kabisa.

Kati ya safari hizo, piga simu kwa mtu mmoja kila wiki, kwa zamu, wakati anaoutaka yeye. Anza kwa kumwambia hakuna tatizo, maana simu ya bosi hushtua. Muulize maswali ya Hatua ya 3. Dakika 15 zinatosha.

Njia rasmi zisiachwe

Ziara zako haziondoi chama cha wafanyakazi wala baraza la wafanyakazi. Tanzania ina historia ndefu hapa: mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliichukua ibara hiyo kwa uzito, wakaitumia dhidi ya mameneja waliowadharau, hadi migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yako mambo mtu mmoja mmoja hawezi kumwambia bosi usoni hata bosi awe mwema namna gani, hasa mishahara. Hayo yana mahali pake, na mwenyekiti wa tawi la chama akikuletea, usimuulize kwa nini hawakukuambia ulipokuja.

Kuweka ratiba na kusoma matokeo

Tenga nusu siku kwa wiki, iandike kwenye kalenda kama miadi na mteja, na msaidizi wako asiruhusiwe kuisogeza. Mwezi wa kwanza fanya hatua tatu za mwanzo tu, pamoja na kurudisha jibu. Zamu ya kufanya kazi mwenyewe ije mwezi wa pili au wa tatu, watu wakiwa wameshakuzoea. Baada ya miezi mitatu itoe ile karatasi kwenye droo, usome majibu yako pamoja na msimamizi.

Dalili za kwamba inafanya kazi si tabasamu. Ni habari mbaya kukufikia Jumatatu badala ya mwisho wa mwezi. Ni mtu kukupinga kikaoni, kwa adabu lakini waziwazi. Na jitayarishe kwa hili: taarifa za vifaa vibovu, malalamiko, na ajali zilizokoswakoswa zitaongezeka katika miezi ya mwanzo. Kwenye jedwali itaonekana kama idara yako inaporomoka. Mweleze mkurugenzi wako mapema, kabla hajaziona namba, kwamba matukio hayo yalikuwapo tangu zamani na sasa ndiyo yanaandikwa. Akiagiza yapungue mara moja, yatapungua kwenye karatasi wiki hiyohiyo, na kazi yote ya miezi mitatu itabidi uianze upya.